Mikono Iliyokatazwa Unga

Nairobi,
12 Februari 1978

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana. Natumaini wewe na mama hamjambo, na kwamba kifua cha mama kimeacha kumsumbua. Nisalimie Zilpah, mke wa kaka Phanuel. Mimi ni mzima, ila tumbo langu limekikataa chuo hiki.

Tumeanza anatomia, somo la jinsi mwili wa mtu ulivyoungwa. Kikundi chetu kimepewa maiti moja. Ni mzee, amelazwa juu ya meza ya chuma, na dawa aliyotiwa ili asioze inachoma macho na koo. Ngozi yake ni kama viatu vilivyolowa. Mafuta yake ya manjano huingia chini ya kucha, na hata nikinawa vipi, nikipeleka ugali mdomoni nauona mkono wa mtu mwingine. Jana nilitapika ndani ya ndoo mbele ya mwalimu. Mwenzangu Kipkemboi akauliza, "Sasa na ndoo tuipasue?"

Mtihani hufanyika palepale mezani. Mwalimu huchoma pini mahali fulani mwilini, nawe unaandika jina la kilichochomwa. Ulinifundisha kukariri, nami nimekariri kitabu kizima. Lakini kitabuni ateri ni nyekundu, vena ni ya buluu, neva ni ya manjano. Mezani vyote vina rangi ya nyama iliyolala. Nikishindwa, kisha nikishindwa tena marudio, nitarudishwa nyumbani kwa aibu. Nisome vipi, baba?

Mwanao,
Milcah

Lurambi,
27 Februari 1978

Binti yangu Milcah,

Salamu zako zimefika. Mama yako amepata nafuu, nami sina ugonjwa. Barua yako niliisoma nikiwa mezani kwa chakula, kosa ambalo sitalirudia.

Uchafu tunao wa kutosha hapa. Watu wanachoma mashamba ya miwa na masizi yanaanguka ndani ya maziwa. Wameng'oa maharagwe, wamepanda miwa hadi mlangoni pa choo, na sasa wananunua unga dukani na kulewa tangu asubuhi. Jumapili iliyopita mmoja alitapika kwenye ngazi za kanisa, wenzake wakamshangilia. Kaka yako yuko Mumias, kwenye kiwanda cha sukari, anaendesha trekta, na mkewe anakata miwa pamoja na vibarua wenye midomo michafu. Nilidhani nimebakiwa na mtoto mmoja safi.

Huku kwetu maiti huoshwa na wanawake wazee, na wao wenyewe hawagusi chungu mpaka mazishi yapite. Wewe unampasua mzee wa watu akiwa uchi, kisha unaniandikia habari za ugali! Sikukukataza utabibu. Nakukataza uchafu. Soma kwa macho na kwa kichwa; mikono iweke nyuma. Na maadamu mikono hiyo inaingia ndani ya maiti, isiguse unga katika nyumba yangu. Ukija likizo utapakuliwa peke yako.

Ni mimi baba yako,
Mwl. Elkanah Makhanu

Nairobi,
3 Mei 1978

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mvua zimeanza vizuri huko? Kifua cha mama je, kwa baridi hii?

Nimeshindwa mtihani. Niliweka mikono nyuma kama ulivyoagiza, nikayakariri majina mpaka nikayaota. Pini ilipochomwa, nilitafuta kitu chekundu. Hakikuwapo. Mwalimu aliniambia, "Milcah, huyu si ramani. Mguse."

Kipkemboi, aliyekua akichuna mbuzi kwao, amenionyesha. Usivute kitu. Kifuate kwa kidole toka kinapoanzia mpaka kinapoishia, ukilitaja jina lake kwa sauti. Fumba macho ukitafute tena. Kisha kitafute katika mwili wako ulio hai. Mwisho mweleze mtu asiyejua lolote. Ukikwama katika kueleza, hapo ndipo hujui. Kinyaa hakijaniisha. Harufu inanifuata hadi kitandani. Ila sasa ninaona.

Mtu asiyejua lolote nimekuchagua wewe. Unisamehe. Somo la kwanza ni mshipa wa paja. Tafuta ncha ya mfupa wa nyonga, mbele, kisha mfupa wa kinena ulio katikati ya mwili. Nusu ya njia kati ya mifupa hiyo, kwenye mkunjo wa paja, bonyeza kwa vidole viwili. Utahisi unapiga. Ndiyo ateri inayoulisha mguu. Ukiukandamiza hapo mpaka ukagota kwenye mfupa, damu haiendi chini.

Mwanao,
Milcah

Nairobi,
20 Agosti 1978

Baba mpendwa,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo. Hujanijibu tangu Februari. Nimekuandikia shingo, bega na ini, na mama ameniambia kwamba barua hizo unawashia moto. Basi ziwashe, lakini nitaendelea kuandika, kwa kuwa ni katika kukueleza wewe ndipo ninapoelewa. Marudio ya mtihani ni mwisho wa Oktoba. Sitakuomba tena ruhusa ya unga.

Mwanao,
Milcah

Lurambi,
6 Oktoba 1978

Binti yangu Milcah,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo. Mimi ni mzima, ingawa ninajichukia kwa namna nitakayokueleza.

Jumanne Zilpah alikuwa akikata miwa nyuma ya nyumba. Panga liliteleza likamwingia pajani, juu kidogo ya goti. Mama yako alikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama. Nilipofika, damu ilikuwa ikiruka, nzi wameshatua, na vibarua wamesimama kama watazamaji wa mpira. Mmoja alikuwa akimwagia udongo kwenye jeraha. Nilimfukuza. Nikamwambia kibarua mwingine, Bramwel, ambonyeze kwenye mkunjo wa paja.

"Hapa, Mwalimu?" Alishika goti.

"Juu!"

"Hapa?"

"Juu zaidi, mpumbavu wewe! Katikati ya mifupa!"

Akageuka akatapika pombe yake ya asubuhi kwenye viatu vyangu.

Unajua ilivyo kwetu. Mimi na mke wa mwanangu hatupeani hata mkono. Tangu aolewe sijaingia jikoni mwake. Nilipopiga magoti vibarua walipiga kelele: "Mwalimu, hapana! Huyo ni bibi ya kijana yako! Haguswangi!" Zilpah mwenyewe, midomo imeshakuwa myeupe, alifunika uso kwa kanga akasema, "Baba, niache nife." Nilitafuta nyonga, nikatafuta kinena, nikaweka vidole, nikahisi unapiga. Nikakandamiza kwa ngumi. Damu ikaacha kuruka.

Tulipandishwa kwenye trela ya miwa hadi hospitali ya Kakamega, nami ngumi yangu iko palepale. Tulipita mbele ya kanisa mama yako na wenzake wakitoka. Sitaki kueleza nyuso zao. Damu yake ilikuwa imeganda mpaka kwenye viwiko vyangu, ikinuka kama chuma, na shira ya miwa imeigandisha zaidi. Tangu siku hiyo nanawa, na harufu hainitoki.

Zilpah yu hai. Mguu umebaki.

Wazee wa ukoo wanataka nipakwe majani ya tumboni mwa kondoo ili nitakaswe, na mpaka hapo hakuna anayekubali kumega ugali katika sahani moja nami. Mama yako anasema wana haki. Mzee mzima nipakwe mavi! Nimekataa, kwa hiyo ninapakuliwa peke yangu, kama nilivyokuamuru wewe.

Barua zako nilizichoma zote. Ile ya Mei niliisoma kwanza. Nilifunga mlango, nikajibonyeza, kisha nikanawa.

Njoo Desemba. Nina swali moja kwako kabla ya mtihani wako. Uliniandikia ateri tu. Upande wake wa nje pana nini, na upande wa ndani pana nini? Usifungue kitabu.

Ni mimi baba yako,
Mwl. Elkanah Makhanu

Nairobi,
2 Novemba 1978

Baba,

Shikamoo. Mwambie Zilpah asiukunje mguu mapema.

Nje ni neva, ndani ni vena. Sikufungua kitabu, nilifumba macho nikajibonyeza pajani kwanza. Nilifanya hivyohivyo mbele ya meza ya mtihani, mwalimu akinitazama. Nimepita.

Naja Desemba. Mwambie mama atuachie unga kidogo. Nitasonga obusuma, ugali wetu, wa watu wawili.

Mwanao,
Milcah