Kwa Kemunto, Ambaye Mpaka Leo Anawekewa Mshahara Wake

Mwaka umezunguka, Kemunto, tangu asubuhi ile ya theluji ulipoinama kufunga kamba za viatu uende kazini, ukabaki umeinama. Mama yako alidhani unasali. Chai yako ilikuwa tayari kwenye thamosi, imejaa tangawizi vile ulivyoipenda.

Tunalikumbuka sweta lako la kijani lenye kifungo kimoja cha bluu. Tunaukumbuka ufagio wa jikoni ulioutumia kuondoa theluji kwenye magari ya majirani hapa ughaibuni, Brooklyn Park, hata gari la yule asiyeitikia salamu. Mume wako Griffins alikuuliza kama umeajiriwa na manispaa. Ukamjibu, "Wewe kunywa chai."

Kule Anoka, kwenye ile nyumba ya kutunza wazee, uliwaogesha kana kwamba ni shangazi zako. Uliwapikia uji wa wimbi. Walianza kwa kukunja pua, wakaishia kugombania sufuria. Zaidi ya wote ulimpenda Bibi Lorraine, wa kabila la Ojibwe, watu waliokuwa hapa kabla ya sisi sote. Ukimsuka nywele alikuwa akikusimulia habari za mama yake: jinsi alivyotolewa shule ya bweni akiwa msichana, akapelekwa kufua nguo kwa mke wa mkulima, na mshahara wake ukapokewa na mkuu wa shule. Aliambiwa watu wa kabila lake hawajui pesa, kwa hiyo anawekewa. Alizeeka akiiulizia. Akafa akiiulizia.

Na wewe ulikuwa unawekewa. Tajiri wako, mwenye ile nyumba, mzee wa kanisa, alisema kwa kuwa makaratasi yako ya kazi hayajatoka, atakulipa nusu, na nusu nyingine akutunzie kwa usalama wako. Huruma kama hiyo hata fisi anayo kwa mbuzi. Makaratasi yakatoka. Ukamwendea kwa adabu zako, ukapangusa viatu mlangoni. Akasema subiri bili za nyumba ziishe. Halafu subiri Pasaka ipite. Pasaka ikapita, naye akaja kanisani na gari jipya, jeusi, refu kama maombi yake, akataka liombewe. Nawe ukaliombea, Kemunto. Mama yako aliuma midomo, akaangalia dirishani.

Ulipomweleza Bibi Lorraine, alicheka mpaka meno ya bandia yakalegea.

"Yule aliyemwekea mama yangu," akakuambia, "mpaka leo anaweka."

Pesa ile ilikuwa karo ya binti yako Maureen ya chuo cha uuguzi. Siku hizi anasoma mchana, na usiku anapanga maboksi ghalani. Halalamiki. Amekurithi, na hilo mama yako hajui kama alifurahie.

Tulipochanga kukusafirisha nyumbani Nyamira, tajiri wako alisimama mbele ya ukumbi na bahasha nene. Mchungaji akasoma kiasi, watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Yeye akainamisha kichwa, kama mtu anayeona haya kusifiwa. Hapo Maureen akamsogelea mama yako, akamnong'oneza: "Shosho, hiyo si ni pesa ya Mum?" Ilikuwa hiyo hiyo, tena si yote.

Wiki iliyopita tajiri wako alipiga simu. Anataka kulipia tangazo hili na chakula cha leo, mradi jina lake liwe kati ya majina ya wanaokukumbuka, hata likiwa la mwisho kabisa, maana yeye hana makuu. Griffins amechoka. Akasema, "Mama, tumkubalie tu, yaishe." Mama yako alikuwa anachambua sukuma. Aliichambua mpaka jani la mwisho, akapangusa mikono, ndipo akaichukua simu.

"Mzee, jina lako tunakuwekea," akamwambia. "Makaratasi yakitoka, tutakupa."

Kwa hiyo hapa hutaliona. Tangazo tumelilipia wenyewe, na sukuma ni ile ya mama yako.

Tunawashukuru wote waliochanga mwaka jana, na wa kwanza wao ni wewe, Kemunto. Jeneza ulijinunulia. Aliyesimama mbele alikushikia bahasha tu.

Wanaokukumbuka ni mumeo Griffins. Wanao Maureen na Bravin. Mama yako Nyaboke. Majirani ambao magari yao sasa yanafunikwa na theluji. Na Bibi Lorraine, ambaye bado anakataa kusukwa na mtu mwingine.

Hatutakusahau, binti yetu. Wala hatutasahau unachodai.