Jani la Sale

S.L.P. 214,
Akheri, Arusha.
14 Julai 2025.

Mpendwa mdogo wangu Abdiel,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, naipokea kabla haijafika. U mzima huko Ujerumani? Kifua je, baada ya baridi ile? Mimi mzima, ila goti. Kahawa nimechuma peke yangu mwaka huu.

Nyumba imekuwa kubwa, Abdiel. Tangu tumzike mama mwezi wa pili, bado napika loshoro ya watu wawili. Nusu anakula mbwa, amenenepa hadi aibu. Jioni nawasha redio ili pawe na mtu anayeongea.

Siku ya mazishi waliita watoto wakaweke mashada. Jina lako likaitwa mara mbili. Nikaenda na shada lako pia, mikono yote imejaa, watu wananitazama. Ndipo nikakupigia nikakufokea ubaki na vyuma vyako, huna ndugu huku. Na nilijua kabisa wiki ile chombo chenu kilikuwa kinaikaribia ile satelaiti, na wewe ndiye unayekiongoza. Miezi mitano sasa hujapiga. Hata sijui kama mliikamata.

Juzi nimesikiliza tena sauti uliyomrekodia mama Krismasi. Kwamba satelaiti imeishiwa mafuta, inazunguka hovyo, haijibu, na chombo kinakwenda kuijazia. Kinasogea, kinasimama, kinapima inavyozunguka. Mita mia, kinasimama. Mita kumi, kinasimama tena. Kikiwa na mashaka kinarudi nyuma, maana kikiigonga, itasukumwa mbali isikamatike tena. Mama alicheka mpaka akakohoa: "Si ndiyo kumkamua ng'ombe mgeni huko? Penina hawezi kazi hiyo, yeye hurukia chuchu!"

Kweli, nilikurukia. Nisamehe, mdogo wangu. Ndani ya bahasha kuna jani la sale, nimelikata pembeni ya kaburi la mama. Kwetu mwenye kosa akilileta, hakataliwi. Najua litafika limekauka.

Mjomba Eliasi anakusalimu sana. Binti yangu Nice, aliyeko bweni, naye anakuulizia kila likizo. Mungu akulinde katika kazi yako na akurudishe salama.

Sitakupigia, nisije nikakugonga tena. Nimesimama hapa, mita kumi. Ile satelaiti haina sauti, lakini wewe unayo. Wewe bipu tu, Abdiel, nitapiga mimi.

Dada yako akupendaye hata akifoka,
Penina