Siku ya Nane

Dada yangu Dorcas,

Bado naisikia nyundo ya seremala siku tulipomzika mwanao Tobias. Alipiga misumari minne tu, maana jeneza lilikuwa dogo.

Nyumbani hatujambo. Mama anatengeneza jibini, na bata wako mzee bado anawafukuza waumini mlangoni mwa kanisa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika ukurasa mzima juu ya mapazia, kisha mstari mmoja kwamba ndui imefika mtaani kwenu, na kwamba shemeji Josiah hataki binti yenu Lettice achanjwe ndui ya ng'ombe, asije akaota pembe. Mwambie kwamba mkamuaji wetu Tamsin aliambukizwa ndui hiyo na ng'ombe zamani, akawauguza wenye ndui bila kupata hata kipele. Mdogo wake, Joan, ameambukizwa mwezi huu.

Jumapili daktari alichukua majimaji ya kipele mkononi mwa Joan, akayatia kwenye mkono wangu kwa sindano. Tamsin akacheka: "Bibi Hester, ukianza kulia kama ndama, usije ukatulaumu!"

Daktari anasema majimaji yakisafirishwa kwenye chupa hukauka. Husafiri salama ndani ya mtu, na siku ya nane ndipo huchukuliwa kumchanja mwingine.

Leo ni ya tano. Nakuandikia kituoni, njiani kuja kwenu, farasi wanabadilishwa, barua itatangulia. Kipele kimeota vizuri, dada. Josiah asiponifungulia mlango, nifungulie wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Hester