Baba Alivyonawa Bangkok

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zetu za hapa Mawaleh zikufikie. Sote wazima, mie nna kikohozi kidogo tu. Mamako kabadilisha jiko na bado anatafuta vijiko.

Umeniuliza kama umtie maji mikononi mama mwenye nyumba wako siku ya Songkran, mwaka mpya wao.

Nilipokuwa msichana nilimpeleka babaangu huko huko Bangkok uliko kutibiwa. Siku hiyo ya Songkran binti wa mwenye nyumba tuliyofikia alimpigia magoti na bakuli la maji ya asumini, akammiminia viganjani. Baba akadhani ananawishwa, kama tunavyowanawisha wageni kwetu. Akasugua mikono, akaikung'uta, akauliza, "Haya, wali uko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Binti akacheka, akaenda kuuleta.

Baadaye tukaelezwa kuwa yale maji ni ya kumheshimu mzee na kumwomba radhi. Nikamwambia baba kakosea.

"Kwani wewe ukininawisha," akanambia, "huwa unafanya nini?"

Basi mtie maji, mwanangu. Birika letu la kunawishia lipo pale pale ulipoliacha. Mwaka wa tatu huu nanawa bombani, peke yangu.

Bibi yako,
Zuwena