Sababu: Uzembe wa Mama

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, mume wako na wajukuu zangu. Mimi pumzi zinahesabika, univumilie mwandiko. Kuna jambo nimekuficha miaka thelathini na minne, nalo linamhusu mama aliyekuzaa.

Jumapili ulinisimulia habari za mtoto wa wodini kwako, aliyekonda na asiyesema. Ustawi wa jamii wanataka usaini fomu achukuliwe, kwa kuwa mama yake humfungia ndani kutwa akienda kufulia watu nguo. Ukaniuliza, "Baba, wewe ungefanyaje?" Nikajitia kusinzia.

Mama yako alikuwa mfagizi wa soko. Alikuleta kliniki kwangu ukiwa na miaka minne, akasema umeacha kusema tangu miezi miwili iliyopita. Muuguzi wa mizani, yule uliyekuja kumwita Shangazi Kilo, akatania, "Laiti mume wangu naye angeugua hivyo hivyo!" Mama yako hakucheka. Nilimwomba atoke, nikakupa biskuti. Ukala nusu, nusu ukaificha ndani ya gauni. Nilipokuuliza mbona husemi, ukaninong'oneza, "Nikisema nina njaa, mama analia."

Nilielewa kila kitu. Ningeweza kumtafutia chakula, na mtu wa kuzungumza naye, maana naye alikuwa amevunjika moyo. Ningeweza kwenda kwa wakubwa nikagonga meza. Lakini mimi na mke wangu tulikuwa na miaka kumi na moja bila mtoto. Nikatoa fomu kama hiyo uliyopewa. Penye "Sababu" nikaandika: uzembe wa mama.

Watu wamenisifu mpaka leo kwamba nilikuokota. Nilikwambia aliyekuzaa alikuacha kwenye geti la kliniki akaenda zake. Hakukuacha. Kila Alhamisi, siku ya kupima uzito, alikuja akaketi kwenye benchi, gauni lako limekunjwa mapajani, akiuliza utarudi lini.

Usisaini, mwanangu. Mwite yule mama, umuulize yeye mwenyewe amekula nini tangu jana.

Wasalimu sana watoto, na umwambie mume wako nimeipokea ile miwani. Hapa ndipo ningeweka jina langu, lakini bado sijalisema jambo lenyewe.

Alhamisi ya tisa nilitoka nje nikamwambia umefariki. Akauliza kaburi liko wapi. Nikampeleka kwenye kaburi la mtoto mwingine, akatandika lile gauni juu ya udongo, nami nikasimama pembeni nikimsubiri amalize.