Mhunzi Ambaye Hayumo Kitabuni

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijachukua hatua ambayo mama mkwe atanisimanga nayo maisha yangu yote. Mimi ni mshonaji, mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, tuna miaka sita ya ndoa. Mwaka jana nilisoma kitabu cha mapenzi na majoka, cha msichana anayependwa na mwana mfalme mpanda joka, nikakirudia mara mbili, na sikatai, nilikuwa nikimwambia mume wangu kwa utani kwamba angekuwa na robo tu ya yule mwana mfalme ningetulia, naye anacheka tu huku akinawa masizi. Sasa kitabu cha pili kilipotoka kilinikuta na rundo la sare za shule, macho yote kwenye mshono, ndipo mume wangu akajitolea kunisomea, kila siku saa kumi akitoka karakana anakaa kando ya meza ya pasi, yeye anasoma, mimi nashona, na kwa kweli mshauri kilikuwa kitamu kuliko cha kwanza, kwa sababu alijitokeza mhunzi mmoja, mtu wa maneno machache, anayetengeneza minyororo ya majoka, mikono imejaa makovu ya moto, na yule msichana akaanza taratibu kumpenda, mpaka nikawa nalowesha sare za watoto wa watu kwa machozi. Wiki jana mhunzi akamuuliza msichana, "Ungekuwa na pa kwenda kwingine, bado ungebaki na mimi?" na hapo mume wangu akafunga kitabu akasema amechoka, na siku ya pili vile vile.

Siku ya tatu akaja nesi mmoja, mteja wangu, kupima gauni, naye anasoma kitabu hicho hicho, nikamuuliza pini zikiwa mdomoni, "Jamani, yule mhunzi atajibiwa nini?" Akasema, "Mhunzi yupi?" Tukabishana, nikamwita mwongo, nikamchoma pini bila kukusudia, mwisho nikakichukua kitabu mezani nikafungua mwenyewe. Mhunzi yupo ukurasa wa nne tu, na wa tano analiwa na joka! Nesi alicheka mpaka akakaa chini. Nimekisoma chote cha kweli, mwana mfalme yupo kila ukurasa, na hata ladha sikuipata, nilikuwa nikimtafuta mhunzi. Nimehamia kwa dada yangu na cherehani yangu. Mtu anayeweza kudanganya kitabu kizima bila kukohoa, amenidanganya mangapi mengine? Nidai talaka?

Mshonaji Aliyefanywa Mjinga

*

Dada mshonaji, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeshika kichwa.

Umefanywa mjinga na nani? Fundi wa vyuma, asiye na maneno mengi, anakusomea habari za fundi wa vyuma asiye na maneno mengi, na wewe uliyeishi naye miaka sita huulizi huyo ni nani! Kitambaa ungekitambua kwa kukigusa tu. Mume hukumtambua.

Halafu huo utani wako wa robo. Umeupitia haraka haraka kana kwamba sitauona. Ungeambiwa wewe kwamba ungekuwa na robo ya mwanamke wa kitabuni ambaye hajawahi kuosha sufuria, mumeo angetulia, ungecheka? Vyombo vingevunjika. Na huyo mwana mfalme ana nini hasa? Kazi hana. Anazunguka angani na mnyama anayechoma nyumba za watu, kisha anasimama dirishani anahema. Angekuja kwa binti yangu ningemfungia mlango.

Mumeo naye simtetei kwa yote. Mwanamume mzima kujificha nyuma ya majoka ili aseme anaumia, huo ni woga. Angesema siku ile ile, "Mke wangu, utani huu unaniuma," nasi tungeokoa wino. Lakini usiniletee habari za mangapi mengine. Mwanamume wa kudanganya mkewe hatoki kazini mgongo ukimuuma akaja kukaa kando ya pasi kila siku, akimtungia hadithi.

Na hakuwa amechoka, dada. Aliuliza swali akafunga kitabu kwa sababu jibu halikuwa lake kulitunga. Alikungoja siku mbili. Siku ya tatu ukabeba cherehani.

Kwa hiyo talaka weka kando, sitaki kuisikia. Nesi mwombe radhi kwa ile pini. Kisha usiende nyumbani, nenda karakana, kesho mchana, hata mafundi wenzake wakiwapo. Ngoja azime moto, avue miwani. Usimtaje mhunzi, wala mwana mfalme, wala joka lolote. Mwambie tu kwamba pa kwenda kwingine ulipata, ukaenda, na umerudi.