Padri, Ulitaka Nini kwa Mjukuu Wangu?

Padri,

Mimi nnasema, mjukuu wangu Zuwena anaandika. Nimemwambia asikulainishie maneno. Kufa hakukufanyi malaika.

Wanafunzi wako wote wakikwita Baba. Mimi sikuweza. Mke huna, mtoto huna. Umeongoza chuo kikuu kimoja, wakubwa wako wa kanisa wakakwambia hama ukaongoze kingine, ukabeba begi ukenda. Mtu asiye na chake anataka nini kwa vya watu? Hivyo ndivyo nilivyowaza tangu Zuwena alipokuja kusoma kwako huko ng'ambo.

Ulipotembelea Maskati ukafika kwetu Bawshar, shaka ikazidi. "Shikamoo, bibi," kwa Kiswahili cha bara, ulikosomesha ujanani, na mvi zako nyingi kuliko zangu. Kahawa ukanywa, kikombe ukakitikisa kuonyesha umetosheka, kama mwenyeji. Nikasema moyoni, huyu kazoea kuingia majumba ya watu. Halua haijaisha kinywani nikakuuliza: "Unataka kumbatiza mjukuu wangu?"

Ukacheka. "Hapana, bibi. Nataka anibishie."

Nani anataka kubishiwa na mtoto? Nikajua pana hila.

Zuwena karudi kwetu na dini yake, sala zake tano, alhamdulillahi. Lakini karudi mbishi. Mchumba tuliyemtafutia kamkataa kwa hoja, ami yake akavaa viatu akenda zake. Mimi nalinda mlango, kumbe wewe umepitia dirishani.

Sasa sikiliza. Chuoni anaposomesha hapa, mkubwa wake anamtaka ampasishe kijana aliyefeli, mtoto wa mtu mwenye cheo. Kakataa. Wamemwambia afikiri mpaka Jumamosi, ama kazi aiache. Alikuwa akupigie simu wewe. Ndipo ikaja habari kuwa umekufa. Kalia, Padri, kama... Hapa kalamu kaiweka chini. Nimemwambia aishike.

Basi kaniuliza mimi, nisiyekanyaga skuli: "Bibi, nifanye nini?" Nilitaka kumwambia nyamaza mwanangu, riziki hiyo. Nikakumbuka neno lako, nataka anibishie. Nikamwambia, nenda kabishe.

Labda ndicho ulichokitaka siku zote, kunitia na mimi katika ubishi.

Nenda, Padri. Mungu ndiye ajuaye nia yako, mimi bado nnakutilia shaka. Ila Jumamosi ntafuatana naye mpaka chuoni. Ntakaa na buibui langu nje ya ofisi ya huyo mkubwa, akitoka anione, ajue mtoto huyu ana wenyewe.